Naomba ushauri: shujaa wangu yuko ndani ya kituo cha siri, wahujumu wamejificha, na mimi nimekwama ukurasa wa 21

MchoraUsiku (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Niende moja kwa moja kwenye mada, maana leo ni usiku wa nne sipati usingizi.

Mimi ni mchoraji wa katuni. Nimepata kazi ya kitabu cha kurasa 32. Shujaa anaitwa Kimondo, mtoto wa Mbozi, nguvu zake, pamoja na macho ya kuona kupita ukutani, kazitoa kwenye lile jiwe letu lililodondoka kutoka angani. Mwaka 1945 anafuatilia mapipa ya madini ya urani kutoka Shinkolobwe, Katanga, Kongo, mpaka anatokea Los Alamos, kule milimani New Mexico ambako Wamarekani walikuwa wanatengeneza bomu la atomiki kwa siri. Mkuu wa kituo anampokea, anamtembeza, halafu anamnong'oneza: humu ndani kuna wahujumu na hatuwajui. Ukurasa wa 20 Kimondo amekaa kantini na wanasayansi saba. Mmoja wao ndiye.

Swali langu ni moja tu. Msomaji amjue mhujumu mapema, abaki anasubiri shujaa agundue? Au afichwe mpaka ukurasa wa mwisho? Kazi inatakiwa Ijumaa.

Natanguliza shukrani. Naomba kuwasilisha.

ChaiMaharage

Uzi wa mchoraji halafu hauna picha. Tupia ukurasa mmoja tuone kama unachora au unachorachora.

MzeeWaLindo

Kijana, mimi nimelinda miaka kumi na sita. Maghala, karakana, majumba ya watu. Sikiliza ya mtu aliyeona.

Kulikuwa na karakana moja, jina nalihifadhi, nozeli za malori zikawa zinapotea. Nozeli ni kitu kidogo lakini bei yake unaijua. Tukapekua mafundi, tukapekua madereva, bosi akaleta mpaka mganga. Tukaambiwa tusimame mstari tukanyage kuku. Kuku akafa, nozeli zikaendelea kupotea.

Aliyekuwa anazitoa ni kijana wa maandazi. Asubuhi anaingia na ndoo imejaa, tunanunua, tunamtania kuhusu Simba na Yanga, saa nne anatoka na ndoo "tupu". Nani anapekua ndoo ya maandazi? Mimi mwenyewe nilikuwa namfungulia geti, mkono mmoja umeshika andazi lake.

Kwa hiyo kwenye hao saba wa kantini hayumo. Angalia anayewapakulia.

BabuKijiweni

Neno mhujumu limenirudisha 1983. Vijana wa leo hamjui. Waziri Mkuu Sokoine alipotangaza vita na wahujumu uchumi, kila mwenye duka alilala macho. Baba yangu alikuwa na kaduka, si mlanguzi, ila alikuwa na katoni kumi na moja za sabuni ambazo asingeweza kueleza zimefikaje. Usiku akachimba shimo nyuma ya jiko, akafukia zote, akapanda mchicha juu yake.

Ilikuwa masika. Siku ya tatu mvua ikapiga usiku kucha. Tunaamka, uwanja mzima unatoa povu, mchicha unaelea. Baba amekaa kizingitini ameshika kichwa. Majirani hawakuuliza kitu. Walikuja na mabeseni, wakafua.

Hakuna aliyemchongea. Mpaka leo nikinusa sabuni ya mche namkumbuka marehemu.

ChaiMaharage

Babu, hiyo ni hadithi bora kuliko ya mleta uzi. Mchore babu.

BiMkubwaWaMtaa

Mimi nauliza, hilo bomu si ndilo lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na Nagasaki tarehe 9? Sasa mtoto wa Mbozi anakwenda kulilinda ili iweje? Aliyetaka kulihujumu mimi ningempikia pilau. Watoto wetu watasoma hicho kitabu wajifunze nini? Mungu amekupa mkono wa kuchora, unauchezea.

MchoraUsiku

Asanteni wote. Babu nimecheka mpaka mke wangu kaamka.

Bi Mkubwa, shujaa halindi bomu, analinda ukweli. Mambo ya bomu kulipuka yako nje ya kurasa zangu, hadithi inaisha Juni.

Chai, picha siwezi kutupia, mteja hataki zivuje kabla. Ila nieleze ile ya ukurasa wa 20 ili mpate mwanga. Meza ndefu, wanasayansi sita wazungu, makoti meupe, wanakula na kucheka. Wa saba amekaa pembeni kidogo, ndiye mhujumu: mnene wa wastani, kipara, mwanya wa mbele, kaunda suti ya kijivu, mfukoni kalamu tatu, nyekundu, bluu na kijani. Sura nimeipatia sana kwa kweli. Huyo nimeshaamua ni yeye, sibadilishi. Swali ni lini ajulikane tu.

DaftariLaZamani

Mada tamu, ngoja nichangie. Kwanza sahihisho: mapipa hayakwenda Los Alamos. Urani ilichambuliwa Oak Ridge, Tennessee, mji uliojengwa kuanzia 1942, ukafika watu kama 75,000 na kwenye ramani haukuwapo. Wasichana walikaa mbele ya mitambo wakizungusha vifundo vya kuongozea bila kujua wanatengeneza nini. Los Alamos ndiko walikokaa wataalamu, na anwani yao wote ilikuwa moja, S.L.P. 1663, Santa Fe. Mtoto akizaliwa pale, cheti chake kinaandikwa amezaliwa kwenye sanduku la posta. Mwanafizikia Niels Bohr alitembea kwa jina la Nicholas Baker, mwenzake Fermi akaitwa Henry Farmer. Hivyo vitu ndivyo vya kuchora.

Pili, kosa lako kubwa ni kudhani mhujumu ana sura ya mhujumu. Mwanafizikia Klaus Fuchs alifika Los Alamos 1944. Mpole, anacheza dansi vizuri, wenzake wakitoka jioni wanamwachia watoto awaangalie. Juni 1945 aliwakabidhi Wasovieti karatasi zinazoeleza bomu, kupitia mjumbe, pale pale mjini Santa Fe. Alikamatwa 1950. Na alichokiiba ni kile kile alichokuwa anakitengeneza kwa mikono yake! Sasa Kimondo wako anayeona kupita ukutani atamwona na nini? Mtu mwenye kazi zake mwenyewe mezani kwake.

Ukitaka wahujumu wa kulipua, nenda Norway. Vemork, usiku wa kuamkia tarehe 28 Februari 1943. Wanorwei tisa wanashuka korongo lenye theluji, wanapanda upande wa pili, wanaingia kiwanda cha maji mazito ambacho Wajerumani walikuwa wanakitegemea kwa utafiti wao wa atomiki. Wanatega baruti. Mlinzi wa usiku, naye Mnorwei, anawaambia subirini, sioni miwani yangu, na siku hizi miwani haipatikani. Fyuzi inasubiri kiberiti, wanamtafutia miwani! Wakalipua, wakaondoka, hakuna risasi hata moja iliyopigwa.

MzeeWaLindo

Huyo mlinzi namwelewa kabisa.

Likasi243

Jambo wandugu. Miye niko muntu ya Likasi, Shinkolobwe haiko mbali na kwetu. Nafurahi kuona jina hiyo katika katuni, maana vitabu vingi vinaanza Amerika kama vile mawe yalitoka mbinguni. Nauliza tu: katika kurasa zako 20, Shinkolobwe iko na ngapi?

MchoraUsiku

Ndugu yangu Likasi, picha mbili. Moja ya mapipa, moja ya machweo.

Likasi243

Picha mbili. Haya. Bazungu nao walifanya hivyo hivyo, walibeba mapipa na kuacha machweo.

DaftariLaZamani

Likasi umeua. Kwa wasiojua: mkurugenzi wa kampuni ya Kibelgiji iliyochimba pale, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo mwaka 1940 na kuyaweka ghalani Staten Island, New York, kabla hata mradi wa bomu haujaanza rasmi. Yalipohitajika yalikuwa tayari mlangoni.

FundiSaa

Samahani wakuu, mimi nilikuwa nasoma kimya, ila kuna kitu kimenikwama kooni kama mwiba wa sato.

Mleta uzi anatuambia Los Alamos, 1945. Halafu mhujumu amevaa kaunda suti. Mwaka 1945 Kaunda mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 21, urais wa Zambia aliupata 1964. Nani alimshonea huyo mtu hiyo suti? Na katikati ya wazungu sita, huyu mwenye kipara, mwanya na kalamu za rangi tatu ametokea wapi? Huyo si mwanasayansi wa Los Alamos. Huyo ni mkuu wa kitengo. Huyo nimeshawahi kumpelekea fomu ya likizo.

Mleta uzi, hiyo sura ni ya nani?

ChaiMaharage

Nimevuta kiti. Nani ana karanga?

MchoraUsiku

FundiSaa ni ubunifu tu mkuu. Katuni si kitabu cha historia. Tujikite kwenye swali.

FundiSaa

Umesema sura "umeipatia". Mtu anapatia kitu ambacho anacho mbele yake.

DadaWaSheria

Hata mimi nimeona hilo neno. Kaka, jibu swali, kwa faida yako.

MchoraUsiku

(baada ya saa mbili hivi)

Haya. Sikutaka kulileta kwa sababu halihusiani na swali, lakini naona hamuachi.

Mteja alinitumia picha. Yeye anafanya kazi kwenye ofisi fulani yenye maabara, sitaitaja. Alisema mhujumu awe na sura ya mtu aliye kwenye picha. Ni mwenzake wa kazini, wana utani wao. Kitabu kinagawiwa kwenye sherehe ya kufunga mwaka, na kurasa chache zitatangulia kwenye magrupu ya WhatsApp ya ofisi. Malipo milioni moja na laki mbili. Nusu nilishapokea. Nusu hiyo imeshakwenda: kodi ya miezi mitatu na kioo cha kompyuta.

Kwa hiyo msiniambie nirudishe pesa. Haipo. Na jina halijaandikwa popote, kwenye katuni anaitwa Dokta X. Utani kazini ni jambo la kawaida. Mimi ni fundi tu, mtu akileta kitambaa nashona.

DadaWaSheria

Fundi akishonea mtu sanda ya jirani aliye hai, ajiulize.

Kwa lugha rahisi: ili mtu awe amekashifiwa si lazima atajwe jina. Inatosha wanaomfahamu wakiona waseme "ni yule". Na wewe unajisifu kwamba sura umeipatia. Unamchora mtu anaiuzia nchi nyingine siri za kazini, zinasambazwa kwenye simu za wafanyakazi wenzake. Aliyeagiza atawajibika, na aliyechora hataachwa nyumbani. Hapo hatujagusa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Utani wa ofisini hauna bajeti ya milioni moja na laki mbili.

MkenyaMpole

Wakili ametupiga breki. Lakini jamani, kuna mtu anamiliki kipara? Mimi niko nacho tangu nikiwa na miaka 27 na hakuna mtu ameniomba ruhusa. Chora, buda. Mtu akilalamika ndio amejitambulisha mwenyewe.

BiMkubwaWaMtaa

Na mwanya ni uzuri! Mnauweka kwa mhaini, mmekosa nini tena cha kuchora?

DaftariLaZamani

Kuchora bila kukusudia tu kuliwahi kuleta kizaazaa. Aprili 1945 katuni ya Superman ya magazetini ilimweka mbele ya mtambo wa kupasua atomi. Waandishi hawakujua lolote, ilikuwa bahati mbaya. Watu wa usalama wa Marekani wakaomba iondolewe haraka. Huyo ni mtu asiyejua. Wewe unajua.

BabuKijiweni

Kijana, hilo ni jungu. Mwenzio amelipika, wewe unaambiwa upake rangi tu. Wakati ule wa 1983 kilichowaponza wengi si mali, ni mtu aliyekwenda kusema "kwa fulani kuna kitu". Wengine hawakuwa na kitu.

Kokoto

Mimi naanzia hapa: NANI bongo hii analipa 37,500 kwa ukurasa wa katuni? Mimi nachora tangu 2009. Nimechorea hadi maduka ya nyama. Bei ya juu kabisa niliyowahi kupata ni elfu kumi kwa ukurasa na soda. Nusu kwanza? Mkononi? Wakuu hii ni fiksi. Tunalishwa matango pori na tunaomba chumvi.

ChaiMaharage

Hatimaye! Nilikuwa nasubiri nani ataisema. Jina langu lenyewe lilishaanza kuchemka.

MchoraUsiku

Kokoto kama wewe unalipwa soda usidhani wote tunakunywa soda. Meseji ya malipo ninayo.

Kokoto

Tupia. Ficha namba, acha kiasi na tarehe.

MchoraUsiku

Siwezi, ni siri ya mteja.

FundiSaa

Nilijua tutafika hapa, kwa hiyo nilikuwa nachimba.

Machi mwaka jana kitambulisho hiki hiki, MchoraUsiku, kilifungua uzi jukwaa la ajira. Nanukuu: "Nimejitolea maabara miezi saba bila posho, ajira zimetoka jina langu halimo, kaajiriwa mtoto wa shangazi yake kipara." Ukurasa wa pili wa uzi huo mtu akakuuliza kipara ni nani. Ukajibu: "Mkuu wa kitengo, yule wa kalamu tatu."

Kokoto ana haki nusu. Katuni ipo, sina shaka, na kurasa 20 zipo, maana hakuna mtu anayekosa usingizi kwa kazi ambayo hajaifanya. Asiyekuwepo ni mteja.

ChaiMaharage

😳😳😳

MzeeWaLindo

Ndoo ya maandazi.

DadaWaSheria

Kaka, kama ni hivyo mimi nafuta nusu ya niliyoandika na kuandika mengine. Uko hapo?

MkenyaMpole

Amenyamaza. Mimi narudi kwa swali lake la kwanza, hakuna mtu alijibu. Mhujumu ajulikane mwisho. Mapema inaharibu utamu.

FundiSaa

Amejulikana ukurasa huu.

BiMkubwaWaMtaa

Mwacheni apumue. Miezi saba bila posho si mchezo, nauli tu ya daladala ni mtaji. Mimi kijana wangu alijitolea mahali mwaka mzima, siku ya usaili akaambiwa hana uzoefu. Alikuja akalala siku mbili. Sasa anauza vifaa vya simu, anakula vizuri, lakini akipita ile barabara anageuza uso.

MchoraUsiku

(siku ya pili, asubuhi)

Nimesoma yote. Sitaki malumbano.

Miezi saba ni kweli. Nilikuwa nafungua mlango saa moja kamili kabla ya waajiriwa, naosha vyombo vya vipimo, naandika daftari la sampuli. Mpaka leo mwandiko wangu uko kwenye lile daftari. Siku majina yalipobandikwa nilisoma mara tatu nikidhani karatasi imepangwa vibaya. Yeye akapita nyuma yangu, akatoa ile kalamu ya kijani, akaweka alama ya vema kwenye tangazo, akaniambia "kijana, nafasi nyingine zitakuja."

Mteja nimemsema kwa sababu ningesema ni mimi msingenijibu mambo ya kurasa, mngeniambia nisamehe. Na mmefanya hivyo hivyo.

Lakini katuni si ya kulipiza. Ilianza kama hadithi ya kweli ya shujaa. Kila nikifika kuchora mhujumu mkono unaenda wenyewe kwenye kile kipara.

Kokoto

Kwa hiyo milioni moja na laki mbili haipo?

MchoraUsiku

Haipo.

Kokoto

Alhamdulillah. Nilikuwa nimeanza kuwaza nabadilisha kazi gani.

Likasi243

Ndugu, sasa uko na nafasi. Kama hakuna mteja, hakuna Ijumaa. Rudi nyuma, tia Shinkolobwe kurasa kumi. Pale nako kulikuwa bantu bengi ambao majina yao hayakubandikwa.

DaftariLaZamani

Na huyo Fuchs mpole mweke kantini, yuko tayari, sura yake iko hadharani tangu 1950 na hana wa kumshtaki.

MchoraUsiku

Likasi nakuja kwako faragha, nataka kujua mapipa yalipakiwaje.

Usiku huu nimefuta mwanya. Bi Mkubwa umenishinda pale. Kalamu nimebakisha moja, nyeusi. Kipara nacho nimekiwekea kofia, ingawa MkenyaMpole alishaniruhusu.

FundiSaa

Na kaunda suti?

MchoraUsiku

Kaunda suti inabaki. Nimeshaipaka rangi.